Mazda Roadster inaingiza maji ndani: zibua kwanza, kuziba baadaye

Swali: Nina Mazda Roadster ya 2001, injini ya 1.8, paa la turubai. Nimeinunua ikiwa imetoka Japani na naiegesha nje, Mbezi Beach, chini ya mwarobaini. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi zulia la upande wa abiria limelowa, na nyuma ya siti ukibonyeza maji yanachuruzika. Fundi amepaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele na kwenye raba za paa, mara mbili, lakini hali ni ile ile. Sasa anasema ninunue turubai jipya. Je, ndiyo suluhisho?

Jibu: Usinunue turubai bado, na mwambie fundi aweke chupa ya silikoni kando. Kwa dalili ulizoeleza, maji yako yanaingia mahali ambapo Mazda wenyewe walitaka yaingie. Kinachokosekana ni njia ya kutokea.

Kwenye gari lenye paa la bati, maji ya mvua yanabaki nje moja kwa moja. Kwenye Roadster ya kizazi chako, ile waliyoitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, turubai halikugandishwa kwenye bodi kwa nyuma. Maji yanayoteremka kwenye kitambaa yanapita pembeni mwa turubai, yanaingia ndani ya bodi, na huko yanapokelewa na mfereji laini uliofungwa kuzunguka kibao cha nyuma ya siti, chini ya ukingo wa turubai. Mfereji huo unayapeleka kulia na kushoto, nyuma ya zile nguzo ambazo mkanda wa siti unatokea. Pale kila upande pana tundu, na chini ya tundu pana mrija unaoshuka ndani ya bodi na kumwaga maji chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Mvua kubwa ya masika inapitisha maji mengi sana kwenye mirija hiyo miwili.

Sasa fikiria vijani vya mwarobaini. Ni vyembamba, vinapita popote, na vikilowa vinajikunja kama majani ya chai kwenye chujio. Ongeza vumbi la barabara na nyuzi za turubai la miaka zaidi ya 20, na tundu linaziba. Maji yanajaa kwenye kikombe cha tundu, yanapanda hadi ukingo, kisha yanamwagikia ndani kupitia nguzo ya mkanda. Yanatua nyuma ya siti, yanapita chini ya siti kwa chini ya zulia, na yanakusanyika miguuni kwa abiria au dereva kutegemea gari limeinamia wapi. Ndiyo maana fundi anapaka silikoni mbele wakati maji yanaingilia nyuma. Anatibu pale anapoona unyevu, na kwenye gari unyevu unaonekana mahali pa chini kabisa, ambapo mara nyingi si pale maji yalipoingilia.

Tuanze na kupima, kazi ya nusu saa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita na funeli ndogo. Fungua vishikio viwili vya paa pale juu ya kioo cha mbele, inua paa hadi katikati, usilikunje lote. Simama mlangoni, angalia nyuma ya nguzo ya mkanda, kati ya kitambaa na bodi. Ukimulika na tochi utaona ncha ya mfereji ikiingia kwenye kikombe chenye tundu. Mimina maji pole pole. Mwenzako achuchumae upande huo huo aangalie chini ya gari, mbele ya tairi la nyuma. Mrija mzima unaanza kutoa maji ndani ya sekunde chache, na nusu lita inaisha kutoka karibu kwa kasi ile ile unayomimina. Yakitoka matone matone, umeziba nusu. Yakibaki yamesimama kwenye kikombe, umeziba kabisa. Yakipotea haraka juu lakini chini hakuna kitu, mrija umechomoka au umepasuka ndani, na hapo maji yako kwenye kizingiti cha mlango au chini ya zulia. Yakitoka na rangi ya kutu, nitakueleza mbele. Pima pande zote mbili hata kama unyevu uko upande mmoja.

Kuzibua kuna namna yake. Kosa linalofanyika sana gereji ni kuchomeka mdomo wa kompresa juu na kufyatua upepo wote. Mrija umeshikwa kwa kubanwa tu, haukupigwa skrubu. Presha ikikuta uchafu umegoma chini, inatafuta njia nyingine na kuung'oa mrija kwenye kikombe chake. Baada ya hapo una mrija safi usiounganishwa na kitu. Kosa la pili ni waya wa chuma, mfano waya wa breki ya baiskeli, ambao unatoboa mrija kwenye kona.

Tumia uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi, unene wa milimita 2.4 hadi 3, urefu wa mita moja. Ncha yake ichome kidogo kwa kiberiti ili iwe kidonge cha mviringo, isiwe na makali. Kwanza ondoa kwa vidole au kwa koleo dogo majani yote yaliyo juu ya kikombe, maana ukiyasukuma chini unaongeza kizibo. Kisha ingiza uzi kutoka juu huku ukiuzungusha kati ya vidole, bila kulazimisha. Ukigoma, vuta sentimita chache, zungusha, rudi. Uchafu wa miaka huwa umeganda kwenye mdomo wa chini kabisa, kwa hiyo ingia chini ya gari na uuchokonoe kutokea huko pia. Gari likiinuliwa kwa jeki, weka stendi kabla hujaingiza kichwa. Ukishapita, suuza kwa sindano kubwa isiyo na ncha, ya mililita 60, ile ya kulishia mifugo au ya hospitali, mara kumi au zaidi mpaka maji yatoke meupe. Ukitaka lazima upepo, upulize kutokea chini kwenda juu, usizidi psi 30, na mtu afunike juu kwa kitambaa asipigwe na matope usoni.

Rudia jaribio la nusu lita. Likipita pande zote, kuna uwezekano mkubwa umeshamaliza tatizo lako. Lakini usishangilie kabla hujaangalia mfereji wenyewe.

Mfereji unaonekana ukitoa zulia la kile kibao cha nyuma ya siti. Limeshikwa na vibanio vya plastiki. Vichomoe kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, maana vikizeeka vinavunjika, hivyo nunua vichache vya ziada. Chini yake utaona ukingo wa turubai na wa mfereji umekandamizwa na vipande vya bati vyenye nati za milimita 10. Pitisha kidole kwenye mfereji mzima. Unatafuta mambo mawili: nyufa, hasa kwenye zile kona mbili unapogeuka kuelekea mbele, na kama ncha zake zimeingia ndani ya vikombe. Hili la pili watu wanalipuuza. Paa likiwahi kubadilishwa na fundi asiyejua, ncha ya mfereji inaachwa imekaa nje ya kikombe, sentimita mbili tu, na maji yote ya turubai yanamwagwa nyuma ya siti kwa ufanisi mkubwa. Hapo hakuna kilichoziba wala kupasuka. Kuna kitu kimewekwa vibaya. Unalegeza nati za upande huo, unarudisha ncha ndani, unakaza.

Ufa mdogo unazibika. Safisha kwa spiriti, acha pakauke kabisa, paka gundi ya poliurethani inayobaki laini baada ya kukauka, na juu yake laza kipande cha utepe wa butili, ile raba laini inayonata. Mfereji uliokauka na kukatika kama biskuti haurekebishiki, unabadilishwa.

Kuhusu silikoni. Ile ya bei rahisi ya duka la vifaa vya ujenzi, inayonuka siki, inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula bati mahali ambapo rangi imechubuka. Halafu ikishakaa, hakuna gundi nyingine wala rangi inayoshika juu yake. Itoe yote kwa kipande cha plastiki, kisha futa kwa spiriti, tena na tena, mpaka kidole kisiteleze. Ni kazi ya kuchosha. Kama kioo cha mbele kinavuja kweli, dawa yake ni kutoa kioo na kukigandisha upya kwa gundi ya poliurethani ya vioo, si kupaka pembeni.

Kama mirija na mfereji ni vizima na bado unalowa, basi tafuta kwa kuondoa mmoja mmoja. Jiulize kwanza maji yanatokea lini. Gari likilowa siku ya jua kali, hakuna mvua, ila umewasha AC kwenye foleni ya Bagamoyo Road, hayo si maji ya mvua. Evapoleta, kile kifaa kinachopoza hewa ya AC, iko ndani ya dashibodi upande wa abiria, na kwa unyevu wa hewa ya pwani inatoa maji mengi. Yanatakiwa yatoke kwa kijibomba kinachopenya bati linalotenganisha injini na kabini. Kijibomba kikiziba, maji yanarudi miguuni kwa abiria, upande ule ule unaolalamikia wewe. Jaribio lake ni rahisi: washa AC dakika 20 gari limesimama, kisha angalia kama pana dimbwi dogo chini ya injini. Pakiwa pakavu siku ya joto na unyevu, kijibomba kimeziba. Kichokonoe kwa ule ule uzi wa nailoni. Na maji yakiwa na utelezi, harufu tamu tamu, na kioo cha mbele kinafanya ukungu wenye mafuta, hiyo ni kulanti, maji ya kupoozea injini, kutoka kwenye rejeta ndogo ya hita. Achana na raba, shughulikia hita.

Upande huo huo wa abiria una mshukiwa mwingine: eneo la chini ya waipa. Chini ya ile plastiki yenye matundu, bodi ina bonde linalopokea maji ya kioo, na humo humo ndimo feni ya hewa inapovutia hewa ya nje. Bonde linatoa maji pembeni, yanateremka ndani ya madigadi ya mbele na kutokea nyuma ya tairi la mbele. Majani yakijaa, maji yanapanda hadi mdomo wa feni na kuingia ndani. Dalili yake ni feni inayokoroma au kurusha matone ukiiwasha asubuhi. Toa mikono ya waipa na ile plastiki, zoa majani, mimina lita moja na uone inatokea wapi. Kisha toa plastiki ya ndani ya madigadi, nyuma ya tairi la mbele: mara nyingi pana tope lililoganda na majani yaliyooza, limekaa juu ya mwisho wa kizingiti miaka na miaka likila bati taratibu.

Milango nayo usiisahau, hasa kama gari liliwahi kufungwa spika kubwa. Mlango wowote unaingiza maji kupitia pembeni mwa kioo, na hilo ni la kawaida. Yanateremka ndani ya mlango na kutoka kwenye vitundu vya chini. Kati ya hapo na wewe pana nailoni iliyogandishwa kwa butili nyuma ya paneli ya mlango. Fundi wa redio akiichana apitishe waya, au akiirudisha ikiwa imelegea, maji yanapita nyuma ya paneli na kudondokea zuliani. Nailoni mpya unaikata kwenye ile nene ya ujenzi, unaigandisha kwa butili mpya yenye unene wa kidole kidogo. Jambo moja la kuzingatia: ukingo wa chini wa nailoni lazima uingie ndani ya bati la mlango, siyo ubaki nje yake, ili tone linaloteremka juu ya nailoni lirudi mlangoni. Ukilikosea hilo, butili yote ni kazi bure. Vitundu vya chini ya mlango vichokonoe kwa kijiti.

Kuna uvujaji mwingine ambao hauna siri: tone linaloanguka kwenye goti lako unapoendesha kwenye mvua, kutoka kona ya juu, pale nguzo ya kioo cha mbele inapokutana na paa na kioo cha mlango. Raba tatu zinakutana pale, na zikikakamaa zinaacha upenyo. Chukua noti ya shilingi 1,000, iweke kati ya kioo na raba, funga mlango, vuta. Inatakiwa ikushikilie kidogo. Ikitoka kama umeiweka hewani, kioo hakibani sehemu hiyo. Tembea na noti kuzunguka raba yote, kila sentimita tano, na weka alama kwa chaki pale palipolegea. Kisha osha raba kwa maji na sabuni, kausha, paka grisi ya silikoni kidogo sana kwa kidole. Hii grisi ni tofauti kabisa na silikoni ya kuzibia. Wale vijana wa kuosha magari wanaofuta raba kwa dizeli au mafuta ya taa ili zing'ae wanakuharibia; mafuta hayo yanazivimbisha na kuzilainisha mpaka zinachanika. Pakibaki pamelegea, vishikio vya paa vina sehemu ya kurekebisha ubanaji: kaza kidogo kidogo, nusu mzunguko kila upande, pande zote sawa. Paa likianza kuhitaji mikono miwili na kelele ili lifungike, umezidisha.

Nimeacha mpira wa maji makusudi, kwa sababu watu wanaanza nao na wanajichanganya. Ukimwagia gari lote kwa pamoja, utajua linavuja, jambo ambalo tayari unalijua. Baada ya kuzibua, kausha ndani, tandika magazeti makavu sakafuni na kwenye kibao cha nyuma, na nyunyiza poda ya mtoto kwenye nguzo za mikanda na kando ya vizingiti kwa ndani. Poda inaonyesha njia ya tone kama nyayo kwenye mchanga. Kisha mwagia maji bila presha, kama ya kumwagilia mchicha, ukianzia chini kwenda juu: kwanza chini ya mlango, dakika tano, halafu kioo cha mlango, halafu kioo cha mbele, mwisho turubai na ukingo wake wa nyuma. Mtu akae ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yanateremka na kupita sehemu zote, na hutajua ni ipi iliyoingiza. Mashine ya presha ya kuoshea magari isitumike kwenye jaribio hili. Inaweza kupenyeza maji hata kwenye raba nzima.

Buti linapimwa kivyake. Kwenye Roadster hii betri iko ndani ya buti, upande wa kulia, kwa hiyo maji yaliyosimama humo yanaharibu zaidi ya zulia. Washa simu irekodi video, iwashe na tochi yake, ilaze ndani ikiangalia taa za nyuma, funga buti, mwagia dakika tano. Geuza simu iangalie upande mwingine, rudia. Washukiwa wakubwa ni gasketi za taa za nyuma na ile ya taa ya tatu ya breki kwenye mfuniko wa buti. Sponji yake inakauka na kuwa kama mkate wa juzi. Toa taa, futa, weka butili nyembamba mahali pa gasketi ya zamani, rudisha bila kukaza sana, maana plastiki inapasuka na ufa huo utakuletea maji upya.

Baada ya kuzuia maji kuna kukausha, na hapa ndipo wengi wanakata kona. Zulia la juu likikauka, sponji nene ya chini yake bado imebeba maji, na inaweza kukaa hivyo wiki nzima huku ikinuka na bati chini yake likipata kutu. Chomoa kwanza waya hasi wa betri na usubiri dakika kumi, kwa sababu ya erbegi. Soketi za njano ni zake, usizichokoze. Siti inashikwa na boli nne za kichwa cha milimita 14, mbili mbele na mbili nyuma. Isukume nyuma ufungue za mbele, kisha mbele ufungue za nyuma. Chomoa soketi iliyo chini yake kabla hujainyanyua, usije ukaukata waya. Toa plastiki za vizingiti, inua zulia. Sakafuni kuna vizibo vya raba. Vichomoe maji yatoke, na siku ya kurudisha viwekee butili pembeni. Zulia lioshe kwa sabuni ya unga, na kama limefanya ukungu, lisuuze kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Jiki usitumie, inafubaza rangi na mabaki yake yanakula bati. Jua la Dar siku mbili au tatu, zulia likiwa limegeuzwa sponji juu, linatosha. Soketi zozote zilizolowa chini ya zulia zifungue uangalie pini. Ukiona ukijani, mpe fundi umeme azisafishe kabla hujaunganisha betri.

Sasa yale maji ya rangi ya kutu. Mirija inapita jirani kabisa na mwisho wa nyuma wa kizingiti, na ikifurika miaka mingi, kizingiti kinaoza kutokea ndani. Kwa nje unaona malengelenge madogo ya rangi mbele ya tairi la nyuma. Bonyeza pale kwa kidole gumba, kisha pitisha sumaku ndogo: isiposhika, chini ya rangi pana pati tu, ule ujazo wa kuzibia mashimo ya bodi, yaani mtu aliwahi kuficha. Kizingiti kwenye gari lisilo na paa la bati ndicho kinachoshikilia mgongo wa gari, hivyo bati lililooza likatwe na lichomelewe jipya. Fundi bodi akikwambia atajaza pati na kupiga rangi, tafuta mwingine. Kama bado ni kutu ya juu juu, acha ndani pakauke kabisa, kisha pulizia nta ya kuzuia kutu kupitia vitundu vya kizingiti. Usizibe vile vya chini kwenye mshono. Hivyo navyo ni vya kutolea maji.

Kwa wenye magari mengine ya aina hii, ramani inabadilika kidogo na hasara inapanda. BMW Z4 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa 2002, ina mota ya haidroliki ya kufungulia paa iliyokaa kwenye shimo la kutolea maji. Mrija ukiziba, mota inazama na paa halifunguki tena. Porsche Boxster ya kwanza ina kifaa cha kielektroniki cha kuzuia wizi chini ya siti, kwa hiyo zulia lililolowa linaweza kulifanya gari ligome kuwaka. Magari ya bati yenye dirisha la paa yana mirija kwenye kona za dirisha hilo, na uzi wa nailoni ni ule ule.

Wewe mwenye mwarobaini, pima mirija kwa nusu lita mara nne kwa mwaka, na mbili kati ya hizo ziwe Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Kabla ya kila jaribio zoa majani kwa mkono. Ukiweza kulihamisha gari mita kumi kutoka mtini, kazi inapungua nusu.

Turubai jipya linunue pale kitambaa chenyewe kinapopitisha maji, mshono unapofunguka, au gundi ya kioo cha nyuma inapobanduka. Utajua kwa kukaa ndani huku mwenzako akimwagia katikati ya paa peke yake: kitambaa kinachovuja kinatoa jasho la matone juu ya kichwa chako, hakilowanishi nyuma ya siti. Ukifikia hapo, dai mfereji mpya uje pamoja na turubai, kwa sababu vyote viwili vinabanwa na zile zile nati za milimita 10 na hutapenda kuzifungua mara mbili. Na kabla hujamlipa fundi, mwombe akushikie funeli ummiminie nusu lita kila upande mbele yake.